Riwaya Haiendi, Shangazi

SWALI: Shangazi, nina watoto wawili na kazi ya kutwa. Majira haya ya baridi giza linaingia mapema, nami kila nikifungua riwaya kitandani nasinzia ukurasa wa pili. Nisome nini?

JIBU: Mwanangu, nilipokuwa na wachanga, riwaya moja nene ilinikalia kando ya mto wa kulalia majira yote ya baridi. Nikahamia hadithi fupi: moja huisha kabla kope hazijashikana, na kesho huna haja ya kukumbuka nani ni nani. Mashairi pia, beti tatu zinatosha, uzisome polepole, hata kwa sauti. Ila shika kitabu cha karatasi chini ya taa hafifu. Mwanga wa simu huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi, nawe usingizi unauhitaji mno. Riwaya iwekee Jumamosi, watoto wakilala mchana.