Seli Kujila: Maswali Yenu Kuhusu Taka za Ubongo

Nimesikia seli hujila yenyewe. Huo si ugonjwa?

La, huo ndio usafi wenyewe. Seli hukusanya protini zilizoharibika na mitokondria (vinu vyake vya nishati) zilizochakaa ndani ya kifuko, kifuko huungana na lisosomu, kifuko kingine chenye vimeng'enya vya kuvunjavunja taka, na vinavyosalia hutumika upya. Christian de Duve aliuita mchakato huu otofaji mwaka 1963, kwa Kigiriki "kujila". Yoshinori Ohsumi wa Japani alizisaka jeni zake ndani ya hamira, ndiyo, hii hii ya maandazi, akapata Nobel 2016.

Kwa nini ubongo uumie zaidi kuliko ngozi?

Seli ya ngozi ikigawanyika, taka nazo hugawanyika. Seli ya neva haigawanyiki. Nyingi ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo. Tena mkia wake unaweza kufika mita moja, na taka za ncha ya mbali husafirishwa njia yote hadi kwenye mwili wa seli. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walizima jeni za otofaji, Atg5 na Atg7, katika neva za panya. Protini zikarundikana, neva zikafa, panya wakayumba. Hawakupewa sumu yoyote wala jeni ya ugonjwa. Usafi tu ulikoma.

Baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Chanzo ni hicho?

Mpe pole. Kwa wachache, ndiyo: jeni PINK1 na Parkin hutia alama mitokondria mbovu ziondolewe, na zikiharibika ugonjwa huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 50. Kwa walio wengi sababu huchanganyika. Kwenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mambo ni mengine: vifuko vimejaa tele ila havimeng'enywi. Lori limepakia, dampo limefungwa. Ndiyo maana siwaamini wanaouza vidonge vya "kuamsha otofaji". Ukiongeza malori hapo, foleni ndiyo itakayorefuka.

Je, swaumu ya Ramadhani husafisha ubongo?

Panya akinyimwa chakula, ini lake hujisafisha kwa kasi. Kwa binadamu haijathibitishwa kwamba kufunga huzuia Parkinson wala Alzheimer. Funga kwa ibada. Mzee anayetumia levodopa, dawa ya Parkinson, asiache wala kusogeza saa za vidonge kabla ya kumwona daktari.

Dawa ipo?

Ya kazi hii, bado. Rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, iliwasaidia panya wenye Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, mwaka 2004, lakini hushusha kinga ya mwili.