Nyerere na Bush si kesi moja

Mkuu, unasema Bush hakukosea kuivamia Iraki 2003 bila kibali cha Umoja wa Mataifa, kwa kuwa hata Nyerere hakuomba ruhusa ya mtu kumpiga Amin. Hapo umechanganya madawa. Amin alishavuka mpaka Oktoba 1978, watu wa Kagera wanachinjwa, daraja la Kyaka limelipuliwa. Ibara ya 51 ya Mkataba wa UN inakuruhusu kujitetea ukishashambuliwa, hupangi foleni New York. Iraki ilikuwa haijaishambulia Marekani. Ndiyo maana Bush na Blair walihangaikia azimio la pili la Baraza la Usalama la kuwapa kibali, baada ya lile la 1441 lililoitaka Iraki ikubali wakaguzi wa silaha. Ufaransa ikatishia kura ya turufu, wakaliacha wakaingia vitani hivyo hivyo.

Ila pointi moja nakupa: jeshi letu kusonga mpaka Kampala, Aprili 1979, huo ni mjadala mwingine. Kwenye mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) Monrovia, Julai mwaka huo, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitubana Watanzania kweli kweli. Mzee wangu, aliyeisikiliza hotuba ya Nyerere ya kutangaza vita, ile ya ukumbi wa Diamond Jubilee, kwenye redio ya jirani pale Magomeni, ukimtajia Monrovia mpaka leo anasonya.