Barua kwa mwanangu: neno nililoliruka

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema: "Baba, ulikaa mahakamani miaka 31 ukitafsiri. Msichana akija kwenye kituo chetu cha afya na mimba inayomhatarisha, sheria inaniruhusu kumtoa au hainiruhusu? Nijibu kwa neno moja." Neno moja sina. Na hata ningekuwa nalo ningesita kukupa, kwa sababu kuna mtu aliyefungwa kwa ajili ya neno moja nililoliruka mimi, na tangu ulipoandika sijapata usingizi.

Acha kwanza niimalize sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina vifungu vitatu kuhusu kutoa mimba. Cha 158 kinampa miaka 14 anayemtoa mwanamke mimba, cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7, cha 160 kinampa miaka 3 anayetoa dawa au vifaa akijua ni vya kazi hiyo. Maneno hayo tuliletewa na Waingereza, na nasaba yake ni sheria yao ya 1861. Wao walilegeza yao mwaka 1967. Sisi tulikuwa tumeshajitawala, tukabaki na yale ya zamani. Lakini katika vyote vitatu limo neno dogo la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili tunasema "kinyume cha sheria". Unanijua msimamo wangu, niliwachosha nao wewe na kaka yako mlipokuwa mkifanya kazi za shule: katika sheria hakuna neno la kuruka.

Neno hilo lilimwokoa daktari Aleck Bourne mjini London mwaka 1938. Alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyenajisiwa na wanajeshi, kisha akawaambia polisi waje wamkamate. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba neno lile halikuwekwa bure: ikiwa iko njia iliyo kinyume cha sheria, basi iko isiyo kinyume, na kuokoa maisha ya mama si lazima kungoje mpaka awe anakata roho. Wakamwachilia. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaufuata uamuzi huo katika kesi iliyotoka hapahapa Kenya. Hayo nilikuja kuambiwa na wakili mmoja mzee kwenye kibanda cha chai nyuma ya mahakama. Nilikuwa nimekwisha chelewa.

Ilikuwa 1987, wewe hujazaliwa. Aliletwa kutoka hospitali, amejitanda leso ya rangi ya zambarau iliyochujuka, msichana wa kazi za nyumbani ambaye hata kama alikuwa na miaka 20 haikuzidi. Siku hiyo orodha ilikuwa ndefu na ilikuwa inaelekea saa saba mchana. Shtaka likasomwa kwa Kiingereza. Mimi nikamgeukia nikasema: "Unashtakiwa kwamba ulikunywa dawa ili utoe mimba yako. Ni kweli au si kweli?"

Umeona nilichoacha?

Akajibu, tena kwa sauti ya chini sana: "Ni kweli nilikunywa. Nilikuwa naumwa." Nami nikamtafsiria hakimu: ni kweli, nilikunywa. Basi. La kuumwa nikalimeza. Hakimu akaandika kwamba amekiri, kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo yake mafupi na barua ya hospitali, nikamtafsiria kwa pumzi moja, akaitikia kwa kichwa. Miezi 18. Alipokuwa anateremshwa kizimbani alinitazama mimi, hakumtazama hakimu. Nadhani alidhani mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza naye.

Na wala siwezi kusema sikujua. Kesi ya Adan ya 1973 tulikuwa tukiijua makarani wote: shtaka na kila kiungo chake kielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe. Naumwa yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Najibishana na nafsi yangu mpaka leo. Huenda ningelisema lile neno na yeye angejibu vilevile ni kweli. Msichana wa kijijini atajuaje lipi liko kinyume cha sheria na lipi haliko? Huenda kuumwa kwake kulikuwa kichefuchefu tu cha mimba. Sawa. Lakini huenda alikuwa na ugonjwa wa moyo, au kifafa, au mkunga alikwisha mwambia hatavuka. Hakimu angesikia, angeuliza unaumwa nini, na hapo kesi ingegeuka njia nyingine. Hakusikia kwa sababu masikio yake yalikuwa mimi.

Sasa utasema Baba amekuwa mtetezi wa kutoa mimba. Ngoja. Yule tuliyemzika chini ya mwembe kwa babu yako, mwaka mmoja kabla yako, hakufika hata miezi mitano tumboni. Mama yako akihesabu watoto wake anamhesabu. Siwezi kumwambia amekosea hesabu, maana ni mimi niliyelichimba lile kaburi, na sikuhisi nazika kitu kisicho na jina. Kwa hiyo Katiba ya 2010 inaposema katika ibara ya 26 kwamba uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa, naielewa. Na ibara hiyohiyo inaposema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu, naielewa pia. Unaikumbuka kampeni ya kura ya maoni juu ya Katiba hiyo. Mama yako na wenzake wa kanisani na kadi nyekundu za Hapana, mjomba wako na fulana ya kijani ya Ndiyo. Wa nyekundu walisema Katiba inafungua mlango wa mauaji, wa kijani wakajibu imekataza wazi. Wote walikuwa wakisoma kifungu kimoja, kila upande ukisimama pale penye "isipokuwa", mmoja ukitazama nyuma na mwingine mbele. Kura yangu ya Agosti 4 mama yako haijui, nawe hutaisoma hapa, ingawa mkono unaniwasha.

Tazama pia hiyo "maisha au afya". Hawakuandika maisha peke yake. Hilo nalo si la kuruka.

Kwa upande wako, Sheria ya Afya ya 2017 inakutambua wewe tabibu, pamoja na daktari, muuguzi na mkunga, mradi umefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito na leseni yako iko hai. Anayekuja akivuja damu, haidhuru imetoka yenyewe au imetolewa, ibara ya 43 inasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Wizara ya Afya iliwahi kutoa mwongozo wa kazi hii mwaka 2012, ikauondoa mwishoni mwa 2013, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema haikuwa haki kuuondoa. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ikawa upande wa tabibu mwenzako aliyekamatwa kwa kumtibu mwanafunzi. Lakini usiufanye uamuzi huo mto wa kulalia. Mahakama ya juu yaweza kuona vingine, na vifungu 158 hadi 160 havijafutwa. Polisi anayekuja usiku huja na hivyo, haji na Katiba.

Ukweli wenyewe ni kwamba Katiba imeliweka lile "isipokuwa" mikononi mwako. Imesema kwa maoni ya mtaalamu, na mtaalamu ni wewe. Mimi nilikuwa mdomo tu, na hata hivyo niliweza kumfunga mtu. Hilo linanitia hofu kwa ajili yako kuliko polisi. Kwa hiyo faili la mgonjwa liandike mwenyewe, usimwachie mwanafunzi wa mazoezi. Andika alichosema kwa lugha aliyosemea. Akikwambia anaumwa, muulize anaumwa wapi, tangu lini, na lote uliandike kabla hujagusa kitu.

Barua hii nimempa mama yako aisome kwanza, sikutaka aisikie kwako. Ameisoma mpaka mwisho bila kusema lolote, akavua miwani, akaniuliza yule msichana aliitwa nani. Nikamtajia. Amelitia jina hilo katika orodha yake ya maombi ya Alhamisi, chini kidogo ya lile la mtoto wa mwembeni.

Baba yako