Ukitumwa kijijini, jifunze kwanza kupokea

Vijana wawili wa kanisa letu hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, wameambiwa kwamba karibuni watatumwa kuhubiri vijijini, na wote wawili wameniuliza jambo moja: tubebe nini? Nimewajibu buti za plastiki na sashe ngumu (mfuko wa plastiki) ya kufunikia Biblia. Kule vijijini Ngweshe udongo mwekundu ukiloa, pikipiki inalala na wewe unalala nayo, na mvua ni kuanzia Septemba hadi Mei. Baadaye nimejilaumu. Niliwajibu kana kwamba kazi ile ni ya kubeba.

Mimi nilikaa miaka sita upande wa Burhale, teritware (wilaya) ya Walungu, huko huko Ngweshe. Kuhubiri kulinichukua saa tatu kwa juma, nikihesabu na maombi ya Jumatano. Saa nyingine zote ni misiba, kupanda na kushuka vilima, kusikiliza ugomvi wa mipaka ya mashamba, na kumwandikia mama fulani ujumbe wa simu kwa mume wake aliye Kamituga anatafuta dhahabu. Wanaume wengi wako migodini. Jumapili mabenchi yao yanabaki matupu, na mimi mwezi wa kwanza niliwagombeza wanawake waliokuja kwa sababu ya wanaume wasiokuja. Wakanivumilia. Mmoja aliniambia baadaye, huku akicheka, kwamba walidhani ndivyo tulivyofundishwa kule mjini.

Sasa kosa lenyewe. Kuna mama alijifungua kwa kupasuliwa, na kituo cha afya kikamzuia na mtoto wake mpaka deni lilipwe. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa habari hizo. Alikuwa amepelekwa kwa kipoyi, yaani machela ya kubebwa mabegani, wanaume wanne wakipokezana usiku mzima. Siku ya tisa nikasikia, nikachukua dola 40 nilizokuwa nazo, nikalipa, nikamrudisha nyumbani, nikalala nimeridhika kweli kweli.

Kufika Jumapili mlangoni kwangu kulikuwa na watu saba, kila mmoja na karatasi yake ya deni. Hilo hata wewe ungelitazamia. Nisichotazamia ni baba mkwe wa yule mama kupita mbele yangu bila salamu. Shemasi wetu, mzee wa maneno machache, akaniketisha: "Mchungaji, ile familia ilikuwa imeuza mbuzi. Pesa zilikuwa zinakusanywa, zilibaki kidogo. Wewe umelipa peke yako, kijiji kizima kimesema wale watu wameshindwa na mke wao. Ungeuliza, wangelipa wao, na wewe ungeongeza."

Ungeuliza. Neno hilo nililisikia mara nyingi miaka ile.

Tusiwalaumu watu waliokuja na karatasi. Kaziba, hapo jirani, Wanorvège, wamisionari kutoka Norwe, walifungua misioni miaka ya 1920, na hospitali bado ipo. Wazee wakisikia "misionere" wanaona dawa, chumvi, nguo, shule. Vita vilipokuja, yakaja mashirika na magari yao, na fikra ile ikakomaa. Ukifika na suti na mfuko, wataangalia mfuko.

Tulichofanya baadaye hakikuwa ufundi wangu. Akina mama ndio walioanzisha MUSO, chama cha kuweka akiba na kusaidiana. Wanaoijua wanajua: kasha la kijani ni la kuweka na kukopeshana, kasha jekundu ni la ugonjwa na msiba, na hilo halirudishwi. Mimi nikawa mwanachama kama wengine, nikiweka kiasi kile kile. Mtu akija kwangu usiku na deni la kituo, namwambia twende pamoja kwa mama anayeshika kasha. Anayekuambia uwe na bajeti yako ya siri ya kusaidia wagonjwa, usimsikilize. Siri haipo kijijini.

Halafu kupokea. Kanisa lililonituma liliahidi mshahara wa kila mwezi; kuna mwaka ulikuja mara nne. (Ukitumwa, omba maandishi, na usiyategemee maandishi.) Njaa ndiyo iliyonifundisha. Mjane mwenye kipande cha shamba kisichozidi uwanja wa kanisa alikuwa ananiletea maharage na unga wa muhogo, na mimi wa mjini nikawa nakataa: mama, wape watoto. Nilidhani ni huruma. Yeye alielewa kwamba chakula chake hakinifai. Akaacha kuja ibadani majuma matatu.

Kasiksi, pombe ya ndizi, pia. Sisi hatunywi pombe, sawa, lakini kuna namna ya kutokunywa. Mara ya kwanza nilisema mbele ya wazee, "Mimi ni mtu wa Mungu, sigusi kitu hicho," na mwenye nyumba akabaki na kibuyu mkononi. Siku hizi nakishika kwa mikono miwili, nasema koko, yaani asante, kisha nampa mzee aliye karibu nami. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sikunywa.

Na hiyo koko: jifunze Kimashi, lugha ya watu wa kule. Kiswahili kitakupitisha sokoni Mugogo na kwa vijana, na mkalimani atakusaidia ibadani. Ila siku nilipoomba kwa kusema Nyamuzinda, jina la Mungu kwa Kimashi, wale bibi wa benchi la nyuma, waliokuwa wakisinzia mwaka mzima, walifumbua macho.

La mwisho ni ardhi, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu makanisa mengi yanaangukia hapo. Nilikodi shamba dogo kwa bwasa. Bwasa ni kukodi kwa msimu au kwa mwaka: unapanda maharage, unavuna, unaondoka. Mimi, mtu mwenye bidii, nikapanda migomba kumi na miwili. Mwenye shamba akaja na wanawe, uso umebadilika, akaniuliza lini nimempa mwami, mtawala wetu wa jadi, ng'ombe. Sikuelewa. Kumbe mgomba, kahawa, mti wowote wa kudumu, ni mdomo unaosema "hapa ni pangu". Anayepanda hivyo ni mwenye kalinzi, aliyetoa ng'ombe, au siku hizi pesa, akapata haki ambayo hata watoto wake watairithi.

Kwa hiyo ukikuta kanisa lako limejengwa, usianze na mabati. Uliza kiwanja ni cha bwasa au cha kalinzi, nani alishuhudia, na karatasi iko wapi. "Mzee fulani alitupa" haitoshi. Mzee atakufa, na wanawe watakuja na mashahidi wao.

Ile migomba tuliing'oa mimi na shemasi siku ile ile, na nikamwomba mwenye shamba msamaha mbele ya wanawe. Alisimama akitutazama, kisha akachukua machipukizi matano akaenda kuyapanda nyuma ya nyumba yake. Mwaka uliofuata alinitumia mkungu mmoja kwa mwanawe mdogo. Nilikuwa na ndizi nyingine jikoni, zimeanza hata kuiva. Niliupokea kwa mikono miwili.