Toeni mabegi uvunguni, muwape sungura wenu nafasi

Juzi nilikua Chuno, hapa hapa Mtwara, kwa kijana mmoja ananiita dada, kanunua sungura wawili wiki tatu zilizopita na alikua na hamu kweli nikawaone. Nimeingia chumbani, wanalala wawili yeye na kaka yake, nikaanza kuangaza macho sungura wako wapi. Akaniambia dada, angalia juu ya kabati. Nikaangalia. Tenga la kuku, lile la plastiki la kusafirishia, ambalo hata kuku mwenyewe anakaa humo nusu siku tu akiwa njiani, ndo humo sungura wawili wanaishi, mmoja kamlalia mwenzie kwa sababu hamna pengine pa kulala. Nikamuuliza wanatoka saa ngapi. Akasema Jumapili, tukiwa tunapiga deki.

Sikumgombeza, nilikaa kitandani kwanza. Maana mwezi uliopita tu binti wa Lindi alinitumia picha ya kizimba kama hicho hicho, kabla yake mwingine wa Mikindani, na wote neno lao ni moja: dada, chumba chenyewe kidogo, tunalala wawili. Najua. Mi nafuga sungura mwaka wa sita huu kwenye chumba cha futi 10 kwa 12 hapa Magomeni, nalala na mdogo wangu, juu yetu bati na silingi hamna. Kwa hiyo hakuna atakayeniambia kuhusu udogo wa chumba. Nawaandikia nyie mnaoanza, mnajua tayari kulisha na kusafisha, ila hili la nafasi naona kila anayeanza analikosea pale pale nilipolikosea mimi.

1. Kizimba ni mahali pa kujificha na kupumzika, nyumba ni sakafu.

Sungura anatakiwa aruke mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta, asimame kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse juu, na alale amejinyoosha kama mtu aliyetoka shamba. Kule Uingereza watu wa ustawi wa sungura wanashauri sungura wawili wapate angalau mita 3 kwa 2 na kimo cha mita 1, na wawe nayo muda wote, usiku na mchana, sio lisaa limoja la jioni. Ukimwambia mtu hivyo anacheka anasema hiyo si ndo chumba changu chote. Subiri, tutapiga hesabu huko chini.

2. Usitengeneze sakafu ya kizimba ukaridhika.

Hapa ntakaa kidogo, mnivumilie.

Sungura wangu wa kwanza alikua jike, rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, tukamwita Korosho. Fundi seremala alinitengenezea kizimba kizuri kweli, futi 3 kwa futi moja na nusu, chini waya ili kinyesi kidondoke, kimepakwa vanishi mpaka kinang'aa. Nilikua najivunia kile kizimba kuliko hata sungura mwenyewe. Uvunguni kwetu kulikua na mabegi mawili, ndoo, viatu vya kanisani, pasi mbovu ya bibi ambayo haiwaki tangu sijui lini. Yani pasi mbovu ilikua na nafasi kubwa kuliko Korosho, na mi sikuliona hilo.

Mwezi wa tatu tangu aje nikamfungulia mlango siku ya Jumapili kama kawaida. Akatoka. Akaruka mara moja, akaruka mara ya pili, akasimama. Mbele yake sakafu tupu mpaka mlangoni, kasimama tu. Akageuka, akaruka mbili, akasimama tena. Alikua ameshajua dunia yake inaishia wapi na mwili wake ukaishika ile hesabu hata ukuta ulipokua haupo. Mdogo wangu ndo aliliona, akasema dada, mbona anatembea kama bado yumo ndani? Nikasema amechoka, joto.

Baadae akaanza kukataa kukaa sawa, anainua mguu mmoja anashusha, anainua mwingine. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akamgeuza, akafunua manyoya ya nyayo kwa kidole gumba, nikaona pale nyama nyekundu imetoka, duara saizi ya sumni. Sungura hana zile nyama laini za nyayo kama paka, ana manyoya tu, na waya unamla taratibu. Daktari akanipa dawa ya kupaka, akasema neno moja ambalo nililisikia nusu: "Mpe sehemu laini, na mpe sehemu." Nikarudi nyumbani nikatandika gunia na mkeka juu ya waya. Vidonda vikapona. Nikaona nimemaliza kazi. Sehemu laini nimempa, ila sehemu yenyewe sikumpa.

Ikafika Februari. Mnaijua Februari ya Mtwara, jasho linaanza ukiwa bado unaoga. Nikasogeza kizimba dirishani apate upepo, feni nikamwachia, asubuhi nikaondoka, mdogo wangu shule. Lile dirisha linaangalia magharibi. Asubuhi ni kivuli kitupu, ila kuanzia saa 8 mchana jua linaingia mzima mzima, na siku ile umeme ukakatika kwa hiyo na feni ikasimama. Nimerudi saa 10 na kitu. Korosho alikua kajibana kona ya mwisho kabisa, pale ubao wa kizimba ulipokua unatupa kivuli cha upana wa vidole vinne, kajikunja aenee kwenye vile vidole vinne. Mdomo wazi, anapumua kwa haraka, masikio ukiyashika ya moto. Nikamtoa nikamlowesha masikio kwa maji ya mtungi, nikampepea na kava la daftari, hakufika magharibi.

Nilikaa chini pale pale. Nikaegemea kitanda, mkono ukaangukia uvunguni, katikati ya mabegi, na ile sementi ya uvunguni ilikua ya baridi. Baridi kabisa, saa 10 jioni, Februari. Hatua tatu kutoka alipokua. Angekua huru angeenda mwenyewe bila kuuliza mtu.

Sungura hatoi jasho jamani. Joto lake analipunguzia kwenye masikio na kwa kusogea, anatafuta penye baridi analaza tumbo. Ikipita nyuzi 30 tayari yuko kwenye hatari, na huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Machi hizo ni za kila siku. Kwa hiyo mkisikia nafasi msidhani ni mambo ya mazoezi tu, nafasi ndo inayomwezesha kulikimbia jua. Kila nikiona tenga juu ya kabati, karibu na bati, roho yangu inarudi kwenye vile vidole vinne.

3. Sasa hesabu.

Mabegi tuliyatoa, mawili yakapanda juu ya kabati (yenyewe hayapumui, yakae huko), pasi ya bibi ikaenda kwa fundi. Tukanyanyua kitanda, kila mguu bloku moja, ili mtu aweze kuinama akafagia. Kitanda chetu ni futi 4 kwa 6, kwa hiyo uvungu wenyewe ni futi za mraba 24. Tukaongeza kipande cha sakafu mbele yake, upana futi 4, urefu futi 10 ukuta kwa ukuta, hiyo 40. Jumla 64, ambayo ni karibu mita za mraba 6, ndo zile zile 3 kwa 2 ulizokua unacheka. Mdogo wangu alipiga kwenye kalkuleta ya simu mara mbili, hakuamini. Ni kweli umbo lake sio lile la mita 3 kwa 2 lililonyooka na uvunguni kimo hakifiki mita, ila mbele ni wazi mpaka juu, na kule chini wanapapenda kwa sababu sungura kwa asili ni mnyama wa shimo.

Uzio ni fremu nne za mbao zenye wavu wa waya mgumu, kimo mita 1, zimeungwa kwa bawaba zinakunjika, tukiwepo tunaukunja wanatembea chumba kizima, tukiondoka tunaufunga. Mwambieni fundi tundu za wavu ziwe ndogo, maana kichwa kikipita mwili unafuata.

4. Mkeka wa ukindu, sio wa plastiki. Wataula, na wa plastiki ukiliwa vipande vinaziba tumbo. Ila msiwaache kwenye tailizi tupu, wanateleza mpaka wanaogopa kutembea na ile sakafu yote uliyowapa inakua kazi bure.

5. Waya zote za umeme mzipitishe ndani ya mpira wa kumwagilia uliopasuliwa kwa urefu, na chandarua mkichomeke chini ya godoro. Meno ya sungura yanaota maisha yake yote, lazima atafune kitu, muwekeeni vijiti na majani makavu mengi kila saa. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu, hata kama shambani kwenu Newala kipo cha kumwaga.

6. Choo. Atachagua kona mwenyewe, we usibishane nae, weka beseni pale pale na majani makavu ndani. Alafu kabla hujasema chumba hakinuki, inama mpaka pua yako ifike usawa wa pua yake, vuta pumzi. Huko chini ndiko mkojo unakoanzia kuwasha, na yeye anaishi huko.

7. Dume na jike msiwaweke pamoja mkijidanganya watazoeana. Watazoeana sana. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupata nyingine siku ile ile aliyozaa. Rafiki yangu wa Shangani alianza na wawili Mei, Agosti ananipigia simu usiku anaongea kwa kunong'ona, wako kumi na moja na mwenzie wa chumba kahamia kwa shangazi yake.

8. Mwenzio wa chumba ndo mwenye nusu ya hiyo sakafu, muongee nae kabla, sio siku sungura ameshaingia. Sungura anachangamka alfajiri na magharibi, mchana analala, na akishtuka usiku anapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, puu, kama mtu kaangusha kitabu. Mdogo wangu alikua kidato cha nne mwaka ule, tukagombana wiki nzima, mpaka tulipogundua anachoshtukia Tui (huyu ni wa sasa, mweupe pee) ni mwanga wa simu yake mwenyewe anayosomea saa 9 usiku ndani ya neti. Akahamia kusoma sebuleni, Tui akanyamaza. Siku hizi yeye ndo anayeamka saa 11 kuwafungulia uzio, na anasema ule muda wanaporuka hewani wakijipinda kiuno, Tui na mwenzie, kutoka uvunguni mpaka mlangoni na kurudi, hata chai anasahau kubandika.

Yule kijana wa Chuno nimemwambia Jumamosi nakuja na tepu. Chumba chao ni futi 11 kwa 11, kitanda cha futi 5, uvunguni kuna spika mbili na gunia la korosho la baba yao. Bloku nne nampelekea mimi, na kaka yake kakubali spika zipande juu ya kabati, pale lilipokua tenga.