Kabla Hujagusa Ukuta, Panda Juu ya Paa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya, kamaliza uhandisi juzi tu, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepewa jengo la zamani la chuo nilikarabati, wanataka lisile umeme na lisichafue mazingira. Nipe mbinu tatu tu."

Nimecheka peke yangu. Mbinu tatu! Mimi moja imenichukua miaka tisa, na ada yake nimeilipa kwa jina langu. Lakini najua wengi mnaonisoma mnaiota kazi hii hii. Nani hataki kusimama barabarani akamwonesha mwanawe jengo la miaka mia na kitu, akamwambia hili nimelifufua mimi? Basi namjibu hapa, na nyinyi msikie.

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 27 na kofia nyeupe ya plastiki. Nilipewa nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Unguja, ambayo chuo kikuu kimoja, sitokitaja, kilikuwa kimeigeuza madarasa. Ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu sentimita 60, dari za boriti za mikoko. Ukuta wa darasa la chini ulikuwa ukipukutika kama unga wa muhogo. Wanafunzi waliouegemea walitoka na mabega meupe. Nikatoa amri: bandueni yote, pigeni lipu ya saruji, saruji moja kwa mchanga tatu, juu yake rangi ya mafuta.

Tulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, Mpemba. Aliuweka mwiko wake chini taratibu, akasema: "Injinia, mwanangu, ukuta huu unatoka jasho. Ukiuvalisha koti la mvua, jasho litakwenda wapi?"

Nikamjibu mbele ya vibarua: "Mzee, hayo ya kizamani." Wakacheka. Yeye akauokota mwiko wake akaendelea kukoroga simenti niliyomwagiza.

Tulikabidhi Februari, kaskazi inavuma, ukuta unang'aa kama sahani. Nikapiga picha nikaziweka mtandaoni. Masika yakaingia. Kufika Juni, chini ya rangi vilikuwa vimeota vibofu ukubwa wa maandazi. Nilikitoboa kimoja kwa ufunguo wa pikipiki, ukamwagika unga mweupe. Nikautia ulimini: chumvi. Wiki chache baadaye lipu ikabanduka pande zima, upana wa mlango, na ikaondoka na uso wa jiwe. Juu kidogo, pale boriti inapoingia ukutani, nilichomeka bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Kilichotokea kila fundi wa chokaa anakijua. Ukuta wa matumbawe hunywa maji, kutoka chini na kutoka juu, na maji hayo hubeba chumvi. Chokaa huyaachia yatoke polepole, ikichakaa unaipiga upya. Saruji ni ngumu na imeziba, kwa hiyo maji hukwama nyuma yake. Yakipata kukauka, chumvi huganda humo ndani na kulisukuma jiwe mpaka lipasuke. Yasipokauka, yanazifuata boriti.

Kikao kikaitwa. Yule aliyekuwa akinipigia simu kila asubuhi niharakishe kabla ya wageni kuja, alikaa mbele yangu akasema, "Mhandisi ndiye aliyetushauri." Kweli, ndiye. Lakini bado inaniuma, sidanganyi. Miaka iliyofuata nilijenga nyumba za matofali ya bloku na vyoo vya skuli. Hakuna la kusimulia hapo.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba la hapo hapo Mji Mkongwe alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, na watu wakafa. Mimi sikuwa na kazi pale. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nazifikiria ncha za boriti zangu.

Kwa hiyo kazi ya kuikarabati upya nyumba ile ile ilipotangazwa, niliomba. Nimepewaje, ni hadithi ya makaratasi, nawaepusheni. Nilichofanya kwanza ni kumtafuta yule mzee. Nilimkuta barazani anacheza bao. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi. Akamaliza kete zake, kisha akauliza: "Paa mmelitazama?"

Hatukuwa tumelitazama. Kazi ya kwanza yote, mimi na digrii yangu, sikupanda juu ya lile paa hata siku moja. Tukapanda. Mlizamu, bomba la kutolea maji ya paa, wa upande wa ngazi ulikuwa umezibwa na kiota cha kunguru: vijiti, vipande vya nyaya za umeme, na kitambulisho cha mwanafunzi kilichopauka. Mvua zote hizo, miaka yote hiyo, maji yalikuwa yakikosa njia na kuingia ndani ya ukuta, ukuta ule ule wa vibofu. Mzee alikitoa kiota kwa mkono. Dakika tano.

Hiyo ndiyo mbinu, bwana mdogo wa Mbeya. Tafuta maji yanakotoka. Usiguse ukuta kabla hujajua maji yanaingilia wapi, na usitie saruji kwenye ukuta wa chokaa. Ukishamaliza, tafuta maji tena.

Tulibandua saruji yangu yote kwa patasi na nyundo ndogo, nami nilibandua kwa mkono wangu siku nne. Chokaa tulizima wenyewe. Ukiimwagia maji inachemka na kutoa mvuke kama sufuria ya wali. Tukailaza shimoni miezi mitatu. Hapo ofisi ilipiga kelele: mnalipwa kulinda shimo? Saruji ingekuwa imeshakauka! Safari hii sikutikisika. Saruji peke yake inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu; chokaa ikikauka ukutani inaifyonza tena sehemu ya hewa iliyotoka ilipochomwa. Ila msidanganyike, tanuru la chokaa nalo linakula magogo, halina utakatifu wowote. Kilicholinda mazingira zaidi ni kwamba hatukuvunja. Katika boriti 64 tulibadilisha 11 tu. Mikoko haikatwi ovyo, na kila boriti iliyobaki mahali pake ni mkoko mmoja uliobaki baharini.

Kisha ua wa ndani. Mtu alikuwa ameuezeka kwa mabati ya plastiki, madarasa yakawa tanuri, vikafungwa viyoyozi sita. Tukaliinua paa lile mita moja na nusu, pembeni tukaacha wazi, madirisha ya luva yaliyopigiliwa misumari tukayafungua. Hewa ikapanda yenyewe. Viyoyozi vimebaki viwili, chumba cha kompyuta. Kulikuwa na mjumbe aliyetaka tuanze na sola. Sola nzuri, siikatai, lakini kufunga sola ili iendeshe viyoyozi vinavyopigana na joto ulilolifungia mwenyewe, ni akili hiyo? Vijana, mnapenda mno vitu vinavyong'aa kwenye picha. Nawaambia mimi niliyepiga picha. Shukeni chini, waamkieni wazee wenye miko, ulizeni. Na mkijibiwa, nyamazeni msikilize. Kiburi hakipigi lipu.

Siku ya kufungua, bamba la jiwe lilikuwa na majina matano. Langu halimo, la mzee halimo. Yeye alikaa safu ya nyuma na kanzu yake nyeupe, na wakati wa hotuba nilimwona anaugongagonga ukuta kwa kidole, anausikiliza.

Tulikabidhi mwezi uliopita tu. Mvua ya maana bado. Juzi usiku kulinyesha kidogo, nikaamka saa tisa, nikachukua tochi na pikipiki mpaka Mji Mkongwe, mlinzi akanifungulia huku ananung'unika. Nikapanda paani. Mlizamu ulikuwa unamwaga maji safi, na ukingoni pameshawekwa vijiti viwili vipya.