Jozani siyo ya nusu saa jamani, ipe siku nzima

Wengi wakija Unguja wanapitishwa Jozani mbiombio, gari inasimama kidogo, picha mbili tatu na kima punju, haya panda twende Kizimkazi tukaone pomboo. Usikubali. Ule ndo msitu mkubwa wa asili uliobaki Unguja, tangu 2004 umeunganishwa na ghuba ya Chwaka ukawa hifadhi ya taifa, kama kilomita za mraba 50 hivi, na kima punju kwao ni Unguja, hana kwao kwengine.

Kama huna gari usihangaike na teksi, daladala za Makunduchi, Jambiani na Kizimkazi zote zinapita pale getini, mwambie konda akushushe Jozani. Nenda asubuhi mapema kabla watalii hawajajaa, na beba kitambulisho maana sisi wenyeji kiingilio chetu kipo chini.

Sasa ukifika kwa kima tulia, usiwasogelee. Muangalie akishika tawi utaona vidole vinne tu, gumba ni kama hana, na anakula majani machanga ya mkungu na mwembe na matunda mabichi, tumbo lake haliwezi matunda mabivu kwa hiyo ile ndizi unayotaka kumpa itamuumiza. Wale wanaoishi karibu na vijiji wanaokota hadi mkaa wanautafuna, unawasaidia na sumu iliyomo kwenye majani. Mimi hili nalipenda sana! Na yale matuta barabarani yamewekwa kwa ajili yao, walikuwa wanagongwa mno na magari, so dereva wako akikimbiza mwambie apunguze, usione aibu. Ukiwa na mafua pia waonee huruma, kaa mbali nao, maradhi yetu wanayapata.

Kwenye msitu wenyewe vaa raba, masika chini panajaa maji, na dawa ya mbu usisahau. Paa nunga, wale swala wadogo wa msituni, wapo ila ni wachache na waoga, ukimuona shukuru Mungu.

Halafu usiondoke bila kwenda kijiji cha Pete kwenye mikoko, kuna njia ya mbao inakatiza katikati. Muulize mtembeza wageni maji yanatoka saa ngapi, yakiwa yametoka unaona mizizi yote na kaa wanakimbilia mashimoni, yakijaa ni samaki wadogo wadogo.

Kutoka hapo teremka Kizimkazi Dimbani, lakini anza na msikiti ndo uende pwani. Kwa nje ni jengo la kawaida tu lenye paa la bati, wengi wanalipita, kumbe ndani kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa zamani wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, mwaka 500 Hijria, yaani 1107! Na watu bado wanaswali humo, kwa hiyo vaa nguo ya heshima, omba ruhusa, vua viatu, ukikuta swala inaendelea subiri imalizike. Kurudi mjini usingoje giza, daladala jioni zinaadimika kule kusini.